Jinsi ya kusoma tenzi za kale za Kiswahili: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaweza kutaja watunzi wakubwa wa lugha yao bila kuwahi kumsoma hata mmoja hadi mwisho. Mwana Kupona wanamjua kwa jina, Muyaka wanamjua kwa jina, na utenzi wa Al-Inkishafi waliusikia darasani siku moja kabla ya mtihani. Ukiwauliza kwa nini hawakuendelea, jibu ni moja: lugha yake ngumu.

Ninaamini ugumu huo umekuzwa kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili wa leo, awe wa Mwanza, Nakuru au Bujumbura, tayari anayo sehemu kubwa ya anachokihitaji. Kinachomkwamisha ni mpangilio. Shuleni tulianzia mwisho, kwa dhamira, falsafa na tamathali za usemi, na ubeti wenyewe ukasomwa haraka kama ushahidi wa majibu yaliyokwisha kuandikwa ubaoni. Tenzi hazikutungwa kwa ajili hiyo. Zilitungwa zighaniwe mbele ya watu wenye masikio, wengi wao wasiojua kusoma. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza hapa ni huu: sikio litangulie, kamusi ifuate, uchambuzi uje mwisho kabisa.

Utahitaji daftari, kalamu, mahali ambapo unaweza kusoma kwa sauti bila kuona haya, na subira ya wiki kadhaa. Kujua Kiarabu kunasaidia lakini si sharti.

Hatua ya kwanza: anza na Utendi wa Mwana Kupona

Usianze na mojawapo ya tenzi za kale zaidi eti ufuate historia. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100 na umejaa majina ya mashujaa, farasi na miji ya vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Anayeanzia hapo huishia ubeti wa hamsini. Usianze na Al-Inkishafi pia, ijapokuwa ndiyo inayosifiwa zaidi, kwa sababu mishororo yake imesongamana na kila neno limebeba mzigo.

Anza na Mwana Kupona. Ni beti 102, mishororo ni mifupi, na hali yenyewe inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuwa na mama. Mwanamke mgonjwa wa kisiwa cha Pate anamwita bintiye, Mwana Hashima, anamwambia aje na wino na karatasi, kisha anampa wasia kuhusu dini, adabu, ndoa na namna ya kuishi na watu. Ni mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho, amefariki miaka miwili nyuma, na yeye mwenyewe hatakaa sana. Huhitaji kujua vita wala tarehe nyingine yoyote ili uingie.

Tafuta nakala iliyochapa maneno ya asili, yenye maelezo pembeni au chini. Kitabu kinachokupa tafsiri tupu ya Kiswahili Sanifu kiweke kando kwa sasa, maana kimekunyang'anya kile hasa ulichokijia. Maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zina matoleo yaliyochapishwa, likiwemo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934, na matoleo mengine ya baadaye. Miswada ya tenzi imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pia SOAS, London, ambako sehemu ya miswada imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Hiyo ya miswada iache mpaka hatua ya saba.

Hatua ya pili: ghani kabla ya kuelewa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Chukua ubeti huu wa mwanzoni mwa utendi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Usitafute maana. Usome kwa sauti mara tano, polepole, ukigonga meza kwa kidole kila silabi. Ndo-o-mbe-e-u-ji-li-si: nane. Na-wi-no-na-ka-ra-ta-si: nane. Endelea na miwili iliyobaki, utapata nane kila mara. Hizo ndizo mizani za utenzi wa kawaida, nane katika kila mshororo, mishororo minne katika kila ubeti.

Sasa sikiliza miisho. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na usishangae kwamba *hadithi* imekubaliwa pamoja na *ujilisi* na *karatasi*. Sikio la mtunzi lilihesabu sauti hizo kuwa jirani za kutosha. Mshororo wa nne unaishia kwa -ia. Fungua kurasa kumi mbele uangalie mshororo wa nne wa ubeti wowote: -ia tena. Kina hiki kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho huitwa bahari, na ndicho kinachoufunga utenzi wote pamoja. Ukishakizoea, utakisubiri, na wakati mwingine utaweza kukisia neno la mwisho kabla hujalifikia.

Kanuni chache za kuhesabu ni lazima uzishike mapema, la sivyo hesabu itakutoka kila ukurasa. Irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili, kama ulivyoona katika *ndoo* na *mbee*. Sauti kama mb, nd, ng na mw zikifuatwa na irabu ni silabi moja pamoja na irabu hiyo: *mwa-ka* ni mbili. Lakini m au n inayosimama peke yake mbele ya konsonanti nyingine huhesabiwa kuwa silabi kamili. Pima ubeti wa pili:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mshororo wa tatu utakupa saba ukiusoma haraka kwa mazungumzo ya leo. Si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka. Ile m ya *kutamka* ni silabi, na ukiipa nafasi yake unapata nane. Vivyo hivyo mshororo wa kwanza kabisa wa utendi, *Negema wangu binti*, unatimia nane kwa sababu *binti* ni bi-n-ti. Ukikuta mshororo usiotimia, usikimbilie kusema mtunzi kakosea. Kwanza jichunguze kama umeitamka irabu ya Kisanifu pasipo na irabu, au umeimeza iliyopo. Kisha tazama kama kuna neno la Kiarabu ambalo watunzi hulirefusha au kulifupisha wakitaka. Mwisho kabisa ndipo umshuku mnakili au mchapishaji.

Baada ya kuhesabu, tafuta mahadhi. Tenzi zina sauti zake za kughani, tofauti na za nyimbo, na ukimsikiliza mtu wa Lamu au Mombasa akighani hata beti tano utajifunza zaidi ya kurasa nyingi za maelezo. Kuna rekodi kwenye intaneti. Ukikosa kabisa, tumia mahadhi yoyote ya polepole unayoyajua yanayoweza kubeba silabi nane. Ghani beti kumi kwa siku kwa wiki nzima, ukirudia za jana kabla ya za leo. Nakuhakikishia kwamba kufikia mwisho wa wiki sehemu kubwa ya maana itakuwa imekujia bila kufungua kamusi.

Hatua ya tatu: zoesha sikio Kiamu

Watunzi wengi wa kale walitunga kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, au kwa lahaja jirani zake za Pate na Siyu. Kiswahili Sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Tofauti nyingi kati ya viwili hivi zina mpangilio, kwa hiyo ukijifunza sauti nne au tano unafungua mamia ya maneno kwa mkupuo mmoja.

Penye nj ya Sanifu, Kiamu mara nyingi kina nd. Njia ni *ndia*, njaa ni *ndaa*, na *ndoo* ya ubeti uliousoma ni njoo. Usimfikirie binti akibeba maji. Penye nz pia utakuta nd: kwanza ni *kwanda*, na ndiyo maana watu wa Lamu husema utendi pale wengine wanaposema utenzi. Mwana Kupona anapoanza kuhesabu nasaha zake anasema *La kwanda kamata dini*, nawe sasa huhitaji msaada.

Penye ch, tarajia t. Macho ni *mato*, kichwa ni *kitwa*, mchana ni *mtana*, kuchukua ni *kutukua*. Penye j, tarajia y, au j ipotee kabisa: hujui ni *huyui*, maji ni *mai*, juu ni *iyu*. Na penye vi- ya wingi utakuta zi-: vitu ni *zitu*, visahani ni *zisahani*. Hili la mwisho huwapoteza wengi kwa sababu macho yao yanadhani ni ngeli nyingine. Kila zi- inayokugomea, ijaribu kuwa vi- kwanza.

Mara nyingine l hudondoka katikati ya neno, ndipo mbele ikawa *mbee*. Na j ya *jema* ikawa l katika *neno lema*, kwa sababu ngeli yenyewe huchukua upatanisho wa li-.

Andika sauti hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, uuache ukurasa huo wazi kila unaposoma. Watu wa Mombasa, Lamu na visiwa vyake wana faida kubwa hapa, kwa kuwa nyingi kati ya sauti hizi bado zinasikika nyumbani kwao. Kama una rafiki wa huko, msomee mishororo miwili umwombe akusahihishe.

Hatua ya nne: vitenzi vya kale

Kuna umbo moja la kitenzi ambalo ukilijua umemaliza nusu ya kazi ya sarufi. Sanifu husema *wamelala*. Mtunzi wa kale husema *walaliye*. Hakuna -me-, badala yake mwisho wa kitenzi umegeuka kuwa -iye, au -ele na -ile kwa vitenzi vingine. *Ziwele* ni zimekuwa. *Yakele* ni yamekaa, au yalikuwa, kutegemea muktadha. *Iwazingiye* ni imewazunguka. Watunzi walilipenda umbo hili kwa sababu linafupisha mizani na linawapa kina cha -ye, ambacho ndicho bahari ya Al-Inkishafi yote.

Zoea pia kitenzi cha kuwa kinachosimama peke yake: *u mwelevu* ni wewe ni mwelevu. Umbo hili halijafa, hata leo tunasema *yu hai* na *tu tayari*, ila katika tenzi liko kila mahali. Na *amba* ni sema, kwa hiyo *twambe* ni tuseme. *Pulika* ni sikiliza. Maneno haya mawili matatu yanarudi tena na tena. Baada ya utenzi mmoja hutayauliza tena.

Hatua ya tano: sasa fungua kamusi, lakini kwa kipimo

Katika kila ubeti chagua neno moja au mawili tu yanayokuzuia kabisa, uyaandike na kuyatafuta. Mengine yapitie. Anayetafuta kila neno hupoteza mahadhi, na akipoteza mahadhi hurudi kule kule darasani.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu itakusaidia kuliko unavyodhani, maana maneno mengi ya kale yamo humo yakiwa yamewekewa alama ya ushairi au ya lahaja. Isipokutosha, kuna kamusi mbili za zamani ambazo wasomi wa tenzi hawaachani nazo: ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, iliyokusanya Kiswahili cha Mombasa, na ya padri Charles Sacleux ya mwaka 1939, inayotaja neno ni la lahaja gani. Ya kwanza inafafanua kwa Kiingereza na ya pili kwa Kifaransa. Inauma kwamba hazina kubwa namna hii ya msamiati wetu bado inapitiwa kwa milango ya lugha za wengine.

Kwa maneno ya Kiarabu, jaribu kwanza kutafuta jamaa yake ndani ya Kiswahili unachokijua. *Wasiati* ni wasia. *Kukhitari* ni wa ukoo mmoja na hiari, yaani kuchagua. *Ujilisi* linatokana na kitenzi cha kuketi, ndugu ya majilisi na baraza la mazungumzo. Ukiijenga tabia hii ya kutafuta ukoo wa neno, Kiarabu cha tenzi kitapungua kutisha.

Hatua ya sita: andika ubeti upya kwa nathari

Hapa ndipo unapojua kama umesoma kweli. Chukua ubeti, funga kamusi, uandike kwa sentensi zako za kawaida, bila kupamba. Nitakuonyesha kwa Al-Inkishafi, kwa sababu kufikia hapa utakuwa umemaliza Mwana Kupona na uko tayari kwa kazi hiyo kubwa.

Al-Inkishafi ina beti zisizofika 80. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliishi Pate na Lamu katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, wakati Pate, iliyokuwa dola tajiri ya biashara, ilipokuwa inaporomoka kwa vita vya ndani na vya majirani. Mizani hapa si nane. Kila mshororo una kumi na moja, zikigawanyika sita na tano, na pumzi inakatwa hapo katikati. Mtunzi anauambia moyo wake mwenyewe:

Moyo wangu nini huitabiri
twambe u mwelevu wa kukhitari
huyui dunia ina ghururi
ndia za tatasi huzandamaye

Ukiandika kwa nathari utapata kitu kama hiki: Ewe moyo wangu, kwa nini huzingatii? Tuseme wewe ni hodari wa kuchagua; je, hujui kwamba dunia ina hadaa? Mbona unaandama njia zake za matata? Angalia ni maneno mangapi ulikuwa nayo tayari. *Huyui* na *ndia* umeyapata katika hatua ya tatu, *twambe* na *u mwelevu* katika ya nne, *kukhitari* katika ya tano. Yamebaki mawili matatu tu ya kutafuta.

Sasa fanya zoezi gumu zaidi. Kuna beti mbili katika Al-Inkishafi zinazoanza kwa maneno yale yale. Ya kwanza inasema hivi kuhusu matajiri wa Pate:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri
masiku yakele kama nahari
haiba na jaha iwazingiye

Majumba yao ya mawe yaling'ara kwa taa za bilauri na za shaba. Usiku ulikuwa kama mchana, haiba na utukufu vikiwazunguka. Kisha, mbele kidogo:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Majumba yale yale yamekuwa mahame. Makinda ya popo wananing'inia juu, husikii kishindo wala sauti ya mtu, utando umetanda.

Ziandike beti hizi mbili sambamba kwenye ukurasa mmoja. Katika beti hizi mbili mtunzi hakusema kwamba utajiri hupita. Alirudia maneno matatu, *nyumba zao mbake*, akabadilisha kinachofuata, na msikilizaji aliyekwisha kuzizoea taa za kwanza akajikuta ghafla gizani. Kila mshororo wa ubeti wa pili unajibu ubeti wa kwanza: penye taa pana popo, penye haiba iliyowazunguka watu pana utando. Hiyo ndiyo kazi ya mshairi mkubwa, na huwezi kuiona kwa kusoma muhtasari. Unaiona kwa kuandika beti zenyewe kwa mkono wako. Msomaji aliyewahi kutembea kwenye magofu ya Gedi au Kilwa Kisiwani ataitambua picha hii mara moja. Baada yake hufuata ubeti mwingine unaoeleza madaka ya nyumba, yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyowekwa visahani vya thamani, ambamo sasa ndege wamelala:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Nyuni ni ndege. Yaliyobaki ya ubeti huo yatafute mwenyewe.

Hatua ya saba: linganisha nakala

Ukipata matoleo mawili ya utenzi mmoja, utaona hayalingani. Neno hapa ni hili, pale ni lingine. Beti mbili zimebadilishana nafasi. Usikate tamaa, na usiamini kwamba toleo moja limeharibu. Tenzi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo katika matumizi ya zamani haikutofautisha kila sauti ya Kiswahili: e na i ziliandikwa kwa alama moja, o na u kwa alama moja, na mara nyingi mb haikutengwa na b. Anayegeuza maandishi hayo kuwa ya Kilatini hulazimika kuchagua. Juu ya hayo, tenzi zilinakiliwa kwa mkono na kuhifadhiwa vichwani, na kila mnakili aliyezijua kwa moyo aliandika kama alivyozoea kuzighani.

Njia ya kutumia tofauti hizi ni kuziandika pembeni na kuuliza ni ipi inayotimiza mizani na vina. Mara nyingi hesabu yako ya hatua ya pili itakupa jibu. Zikilingana zote mbili, chagua inayoleta maana bora ndani ya ubeti na uweke alama ya kuuliza. Wasomi hawana siri nyingine zaidi ya hiyo.

Hatua ya nane: ndipo uchambue

Sasa unayo haki ya kuzungumzia dhamira. Chukua mfano wa Mwana Kupona. Kuna wanaomsoma kama mlinzi wa mfumo unaomweka mwanamke chini ya mume, kwa sababu anamwagiza bintiye amtii mumewe kwa mambo mengi na kwa undani. Kuna wengine wanaosema mawaidha yale ni mbinu za kuishi, hekima ya mwanamke anayemfundisha mwenzake namna ya kupata nafasi na amani ndani ya nyumba. Nimewasikia watu wakibishana vikali juu ya hilo wakiwa wamesoma beti kumi tu za katikati.

Ushauri wangu ni kuusoma wote kwanza. Utaona kwamba sehemu kubwa ya mwisho si ya ndoa hata kidogo; ni dua za mama anayewaombea watoto na ndugu zake, kisha anawageukia wanawake wengine na kuwaita nao wausome. Utaona pia kwamba anayezungumza ni mjane wa kiongozi aliyekabiliana na majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, yaliyoshindwa Siyu mwaka 1845. Mji wake umezoea kuzingirwa. Kwangu mimi, mambo haya hayamalizi ubishi, lakini yanauondoa kwenye swali la ndiyo au hapana. Mwanamke huyu alitunga kazi iliyowekwa moyoni na wanawake wa pwani vizazi kwa vizazi, na alijua kabisa alichokuwa anakifanya.

Andika uchambuzi wako kwa kurejea beti kwa namba zake. Kama huwezi kutaja ubeti, dai hilo liache.

Baada ya hapo, usome nini?

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufa 1840, ndiye mlango mzuri wa tatu. Kwake utatoka kwenye utenzi na kuingia kwenye shairi: mishororo minne, mizani kumi na sita iliyokatwa nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Lahaja ni Kimvita, na mambo ni ya mjini: mapenzi, madeni, safari, siasa za Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Zanzibar, mafumbo ya kumjibu mshairi mwenzake. Msome polepole, shairi moja kwa siku, kwa sababu anaficha. Tunazo tungo zake nyingi kwa juhudi za William Taylor na Mwalimu Sikujua, waliozikusanya Mombasa katika karne ya 19, na kwa kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979 kinachozieleza pamoja na historia yake.

Kisha nenda kwa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, kupitia utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Hiki ni kisa chenye mtiririko: jitu lenye nguvu na kipaji cha ushairi, mfalme anayemwogopa, gereza, na mtoto anayemuua baba yake kwa sindano ya shaba kitovuni. Unaweza kuumaliza kwa siku mbili, na watoto wakikaa karibu watasikiliza.

Ukitaka kuona mkondo huu ulivyofika karne ya 20, weka Mwana Kupona kando ya Utenzi wa Hati, ambao Shaaban Robert alimtungia bintiye. Soma beti ishirini za kila mmoja kwa zamu. Utasikia baba wa Tanga akimwitikia mama wa Siyu, kwa mizani ile ile nane, kwa Kiswahili kingine na hofu nyingine.

Tambuka ibaki ya mwisho. Igawanye kwa vipande vya beti hamsini, andika orodha ya majina ya watu na upande wanaoupigania kila yanapotokea, na usihamie kipande kinachofuata kabla hujaghani kile cha jana kwa sauti.